Umra ya Disemba na bi mkubwa: tukimaliza Makka tupande Taif, Baha na Abha kwa gari, inafaa?

AbuuSalma_Kikwajuni

Asalaam alaykum wapenzi. Nna suali langu refu kidogo mnistahmilie.

Inshaallah skuli zikifungwa Disemba tumenuia kwenda umra kifamilia, mie, mke wangu, watoto watatu (mkubwa yuko fom two, mdogo darasa la tatu) na bi mkubwa wangu (mama yangu) ambae miaka sabini keshaipita, anatembea mwenyewe alhamdulillah lakini magoti ndo yale ya uzee na ana presha anameza dawa. Viza tutachukua kwa wakala ila kutembea tunataka tutembee wenyewe tusifuate kundi, mana bi mkubwa akichoka anataka apumzike pale pale, na kwenye kundi basi likishapiga honi hakuna kusubiriana.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Bi mkubwa keshahiji zamani na marehemu mzee, lakini safari za wakati ule ilikuwa Makka, Mina, Arafa, Madina, mnarudi. Taif hakufika. Na tangu mie mdogo nnamuona, maulidi yakisomwa au shekhe akihadithia msikitini Ramadhani, ikifika pale Mtume (s.a.w.) alipokwenda Taif wakampiga mawe mpaka miguu ikatoka damu, mama lazima alie. Juzi kanambia mwanangu ukinifikisha Taif mie sina tena ninachokitaka duniani. Mzee akikwambia maneno hayo utafanya nini tena.

Na watoto nao wanataka kuona milima. Kwetu hapa pa juu ni Masingini, milima mikubwa wanaiona kwenye vitabu vya jografia tu. Kwa hivyo nikakaa na ramani nikaona bora tukishuka Jidda tukodi gari moja kwa moja, tuende Makka tufanye umra, halafu tupande Taif, tuendelee Baha mpaka Abha, wanasema huko kuna mawingu yanapita chini ya miguu yako, halafu kutoka huko tukate mpaka Madina tumalizie ziara turudi nyumbani. Kwenye ramani inaonekana njia moja tu ya milimani imenyooka.

Ninachotaka kujua, viza ya umra inaruhusu kuzunguka kote huko au unakamatwa? Mie leseni nnayo na gari nnaendesha kila siku lakini kwetu tunapita kushoto na wao wanapita kulia, kuna aliejaribu? Baridi ya huko Disemba mtu mzima mwenye presha ataiweza? Na mwisho hili la mikati, yani pahala pa kuingilia ihram, linanichanganya, tukishuka kutoka Taif kurudi Makka ni lazima ihram tena au vipi? Nitashukuru kwa kila atakaenijibu, na mwenye kufika huko aseme alivyoona yeye.

MpembaWaMadina

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh kaka. Mie kwetu Wete ila sasa nipo Madina nasoma, na wageni wa nyumbani wakija mara nyingi mie ndie nnaewazungusha, kwa hivyo haya nnayokwambia nnayaona kwa macho.

Viza usiwe na wasiwasi. Zamani ndo ilikuwa viza ya umra ni Makka, Madina na Jidda basi, siku hizi inakuruhusu kutembea miji yote ya ufalme, muhimu usipitishe muda wako na pasi uwe nayo.

Ila hiyo ramani yako kaka naomba uifungue tena utazame kilomita usitazame rangi. Taif mpaka Abha ni zaidi ya kilomita 500 na karibu njia yote ni juu ya mgongo wa milima, kona na ukungu. Halafu kutoka Abha useme unakata Madina, hiyo ni safari ya kutwa nzima na usiku wake kwa gari, na mama mwenye magoti na watoto watatu nyuma. Mtafika Madina mmechoka, na Madina si pahala pa kufika umechoka unalala hoteli unasikia adhana dirishani. Abha itoe. Kama roho inakuuma itoe tu, iweke safari yake peke yake.

Mie ningekuwa wewe ningegeuza safari nzima kichwa chini. Mkishuka Jidda msitoke nje ya uwanja mkaanza kutafuta gari, ile treni ya Haramain ina stesheni hapo hapo uwanjani, imeanza mwaka 2018 na inakwenda kilomita 300 kwa saa, mnapanda mnakwenda Madina kwanza. Faida yake bi mkubwa hatohitaji ihram kwenye ndege, atakuja na nguo zake za kawaida na sweta lake, atafika Madina atapumzika, atamsalimia Mtume (s.a.w.), mtakwenda Msikiti wa Kubaa, Uhud kwa mashahidi 70 na Sayyidna Hamza, Msikiti wa Kibla Mbili, yote haya teksi tu yanatosha hayako mbali. Mwili ukishazoea ndo mnakwenda Makka na ihram yenu ya Dhul Hulayfa, ile wanayoiita Abyar Ali, ndo mikati ya watu wa Madina na ya kila anaepitia Madina. Wengi wanaopanda treni wanavaa hoteli kabisa kisha wanatia nia treni inapoanza kuondoka, mana haisimami pale.

Gari sasa. Makka gari ya nini kaka? Kuegesha karibu na Msikiti wa Haram ni mtihani, utalipia gari iliolala. Fanyeni umra yenu kwa utulivu, kaeni, kisha gari ikodini kwa ajili ya mlima tu, siku mnayopanda Taif mpaka siku mnayorudi.

Na mikati. Ukitoka Makka ukapanda Taif umeshavuka mikati, kwa hivyo ukirudi na umenuia kufanya umra nyengine ni lazima uhirimie Qarn al-Manazil. Mikati hii ina pahala pawili kwa sababu barabara ni mbili, anaeteremka kwa barabara ya Sayl anahirimia Sayl Kabir, anaeteremka kwa barabara ya Hada anahirimia Wadi Muharram kule kule juu kabla hajaanza kushuka. Msikiti upo pote pawili, na maji ya kukoga. Kama unarudi Makka hujanuia umra, unarudi hoteli tu, sisi Shafii kwetu si lazima, ni sunna, lakini wenzetu madhehebu nyengine wamekaza zaidi, kwa hivyo muulize shekhe wenu kabla hamjaondoka Unguja muwe na msimamo mmoja, msije mkaanza kubishana ndani ya gari.

UmmuRayyan

Mashaallah kaka Mungu akulipe kwa bi mkubwa wako. Sisi tulimpeleka mama mkwe, na yeye kilio chake ni hicho hicho cha Taif, kwa hivyo nimesoma hapa nikaona lazima niandike.

Baridi ipo na si ya kuchezea. Taif iko juu kama mita 1,800 kutoka baharini, na Hada pale ukingoni inakaribia 2,000, sasa sisi tuliozoea kipupwe cha Julai tukivaa kikoti tunaona tumefika Ulaya, usiku wa Disemba wa kule ni kitu chengine. Mchana jua linawaka zuri tu unaweza kutembea na buibui lako, jua likizama ndani ya nusu saa mikono inaganda. Mnunulieni bi mkubwa fulana za ndani za kubana za mikono mirefu, soksi za sufi jozi nyingi, na kofia ya kuvaa chini ya mtandio inayofunika masikio. Haya yote Darajani mitumbani yapo na mazuri, msingoje kununua kule. Hoteli muulize kabla hamjalipa kama chumba kina hita na inafanya kazi, sisi tulipelekwa pahala kwenye picha ipo na chumbani ipo ila haiwaki, na usiku ule bibi alilala na mablanketi ya watoto wote. Dawa za presha ziwe mkobani mwake mwenyewe, zisiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Sasa kuhusu Taif yenyewe. Usimpangie mambo mengi. Mtu mzima hana haja ya kuona vitu kumi, anataka afike anapopataka akae. Kuna mtaa unaitwa Mathna, nje kidogo ya mji, mabustani bado yapo, huko ndo kuna kijimsikiti wanachokiita cha Addas. Ni kile kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotoka mjini na Zayd bin Haritha wakakimbilia bustani ya Utba na Shayba watoto wa Rabia, wakamtuma kijana wao Addas ampelekee kichala cha zabibu, Mtume akasema Bismillah kabla hajala, Addas akashangaa mana yeye Mnasara wa Ninawa na maneno yale watu wa pale hawayasemi, Mtume akamwambia huo ni mji wa Yunus bin Matta, Addas akambusu kichwa na mikono na miguu. Msitegemee kukuta bango kubwa wala mtu wa kukuelezeni. Ni mawe, mitini na kimya. Mama mkwe alitandika mtandio wake akakaa chini ya ukuta akasali sala ya mtume mpaka jua likawa linamchoma, na sisi tulimuacha, watoto wakawa wanaokota vijiwe huku baba yao anawahadithia kisa. Mpe nusu siku nzima hapo.

Halafu mjini kati kuna Msikiti wa Abdullah bin Abbas, binamu yake Mtume na bingwa wa tafsiri, amefia Taif mwaka 68 wa Hijra na kaburi lake liko hapo hapo. Msikiti mkubwa, choo kizuri, njia haina ngazi nyingi, bi mkubwa atasali kwa raha.

Na marashi! Yale mawaridi yenyewe hamtoyaona Disemba, huchumwa Machi mpaka Aprili alfajiri kabla ya jua, lakini maduka ya marashi yako wazi mwaka mzima na wengine wanakuonyesha yale masufuria ya shaba wanayopikia, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa maji ya baridi unatoka marashi, na yale mafuta yanayoelea juu ndo wanayakusanya wanauza kwa tola, kipimo kidogo tu, maelfu ya mawaridi kwa tola moja tu kwa hivyo bei yake muulize umekaa. Marashi ya kawaida bei inafaa. Bi mkubwa atataka ya kutilia mrashi nyumbani kwa maulidi, mpe nafasi kwenye begi.

Watoto wapelekeni telefriki ya Hada, inateremka mlima zaidi ya kilomita nne na barabara yote unaiona chini inavyojikunja. Nyani wamejaa pembeni ya barabara, msiwape chakula na vioo mfunge, wanaingiza mkono ndani ya gari.

Dereva_ChakeChake

Salaam. Nimefanya kazi ya udereva Jidda na Taif kabla sijarudi Pemba, nazungumza barabara tu mengine wenzangu wameshamaliza.

Kupita kulia si shida kwenye barabara kubwa, unafuata walio mbele. Shida ni ukitoka kituo cha mafuta asubuhi barabara haina gari, mkono wenyewe unakupeleka kushoto. Mwambie mkeo akae mbele na kila mkitoka kituoni akukumbushe kwa mdomo, usione aibu. Raundabauti wanazunguka upande wa kinyume na wetu. Usukani uko kushoto, kwa hivyo siku ya kwanza gari utakuwa unalisogeza kulia bila kujijua, zingatia kioo cha kulia. Leseni chukua na ile ya kimataifa kabisa kabla hujaondoka, na kampuni za kukodi nyingi zinataka kadi ya benki ya kuzuilia amana, pesa taslimu hawapokei. Kamera za barabarani, wanaziita Saher, ziko kila pahala, faini inakuja kwenye simu ya aliekodisha na anaikata kwako.

Barabara ya Hada. Unatoka uwanda wa Makka unapanda mpaka karibu mita 2,000 kwa kona mtupu, malori makubwa hayaruhusiwi yanapita Sayl, kwa hivyo ni gari ndogo tupu na wenyeji wanaikimbiza. Kupanda ni raha. Kuteremka ndo kazi. Mtu aliezoea Unguja hajawahi kuteremka kilomita nyingi mfululizo, anakanyaga breki toka juu mpaka chini, nusu ya njia anasikia harufu ya kuungua na kanyagio linakuwa laini halishiki. Gari za otomatiki zina L au 2 au alama ya kutoa, tia gea ndogo toka juu kabisa, injini ndo ishike gari, breki gusa uachie gusa uachie. Ukungu ukikukuta usisimame katikati ya barabara, ingia kwenye zile sehemu za pembeni usubiri. Na barabara hii hufungwa, mara matengenezo mara mvua inaporomosha mawe, uliza hoteli kabla hujatoka.

Kwa hivyo ushauri wangu pandeni kwa Hada asubuhi watoto waone, rudini kwa Sayl. Ni ndefu kidogo lakini mteremko wake wa pole pole na mpana, mama hatozunguka kichwa na wewe hutotoka jasho.

Kitu cha mwisho nakisema kwa msisitizo, Disemba na Januari ndo mvua za upande ule. Mabonde makavu unayoyaona mchana mvua ikinyesha milimani yanajaa maji ndani ya dakika chache hata kama ulipo wewe hakuna hata tone. Ukikuta maji yanavuka barabara usivuke, hata ukiona wenyeji wanavuka. Nimeona gari zikichukuliwa.

AbuuSalma_Kikwajuni

Allah akulipeni nyote kheri, nimemsomea mke wangu yote na bi mkubwa nae kasikiliza, hapo pa Addas kanambia simama, rudia.

Basi Abha tumeitoa na Madina tutaanza. Yamebaki machache. Baha nayo tuitoe au? Watoto wamekasirika kidogo. Bi mkubwa anauliza kwa Bi Halima Saadiya, kule alikonyonyeshwa Mtume, si ni huko huko Taif? Na Badr vipi, tukiwa tunatoka Madina kuja Makka tunaweza tukapita na ihram zetu? Halafu kama tutahirimia Sayl baridi ile na shuka mbili mie na mtoto wa kiume tutafanyaje.

Khalti_Jangombe

Mwanangu Baha usiitoe kama mna siku. Wanaume hapa juu wamekupa barabara na mikati, Baha hajaisemea mtu, nami naisemea.

Kutoka Taif ni zaidi ya kilomita 200, unakwenda juu kwa juu na miti ya mireteni pande zote, mnalala Baha usiku mmoja, na asubuhi unateremka ile njia ya mahandaki kwenda chini upande wa Tihama mpaka kijiji kinaitwa Dhi Ayn. Ni majumba ya mawe ya zamani, ghorofa juu ya ghorofa, yamejengwa juu ya jiwe jeupe la marmari na hakuna anaeishi tena, chini yake kuna chemchem inatoka mlimani haikauki na imezungukwa na shamba la migomba. Ukishuka huko baridi imekwisha, joto kama letu, bi mkubwa atavua soksi.

Nilichokipenda mie, unapita kwenye vijia vya maji katikati ya migomba unasikia harufu unayoijua, unageuka, mikadi! Mikadi na rehani, wanalima. Nilisimama nikamwambia binti yangu tazama, kikuba kizima kiko hapa kimekosa asumini tu. Wanauza mafungu pale pale mlangoni. Wanawake wa Unguja tukifika huko tunachelewesha safari, mume ajue mapema.

Lakini sikiliza, kwenda na kurudi siku moja kutoka Taif usifanye, utamvunja mama mgongo. Ama mlale Baha ama msiende.

Kwa Bi Halima, Bani Saad wapo kweli, kusini ya Taif, mwendo wa saa moja na zaidi, na kuna pahala watu wanaonyeshana kwamba ndipo alipokaa. Sanadi ya uhakika ya nyumba ile hakuna, na njia yenyewe ya vijijini. Ila bonde lile la Bani Saad ndo nchi yao, hilo halina ubishi, na njia ya kwenda Baha inapita upande huo. Mwambie bi mkubwa mkiwa mnapita, aitazame ile milima na atoe salamu yake kutoka garini. Mama yangu mimi angetosheka na hilo.

MpembaWaMadina

Narudi kumalizia ya Badr na ya baridi.

Badr iko kama kilomita 150 kutoka Madina, kwa barabara ya zamani, na ile barabara kubwa ya Hijra inayokwenda Makka haipiti hapo. Ukitaka kuipita ukiwa na ihram inawezekana kisheria, lakini mkitoka Madina mmenuia umra mnatakiwa muhirimie Abyar Ali, kwa hivyo mtakuwa katika ihram kutwa nzima, jua, vumbi, watoto, na bado Makka mbali na tawafu na sai zinakusubirini usiku. Mie wageni nnawapeleka Badr siku moja kutoka Madina tunarudi kulala Madina. Utaona pale walipozikwa mashahidi wa Badr, majina ya wote 14 yameandikwa kwenye jiwe, utaona kile kilima cha mchanga na Msikiti wa Arish palipokuwa kibanda cha Mtume (s.a.w.) siku ile ya vita, 17 Ramadhani mwaka wa pili wa Hijra. Kwa watoto wa umri huo Badr inaingia kichwani kuliko kitabu, unasimama unawaonyesha sisi 313 tulikuwa huku, wao huku.

Baridi ya ihram. Kilichokatazwa mwanamme ni nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili na kufunika kichwa, si joto. Nunua ihram zile nene za taulo, na juu yake jifunike blanketi mabegani kama shuka, halina neno ilimradi hulivai kama koti na hulipandishi kichwani. Gari ina hita pia. Bi mkubwa na mkeo wao nguo zao zote na soksi zao hakuna kilichobadilika, ni nikabu na glavu tu ndo wasivae.

Na hili la kurudi kwa Sayl alilosema ndugu yangu wa Chake, nataka nikuongezee kitu umwambie bi mkubwa. Katika hadithi ya Bibi Aisha walioipokea Bukhari na Muslim, aliuliza je ilikupitia siku ngumu kuliko Uhud, Mtume (s.a.w.) akaitaja siku ile ya Taif, akasema aliondoka na huzuni yake hajijui hajitambui mpaka alipozindukana yuko Qarn al-Thaalib, hapo ndipo Jibril alipomnadia, akaja Malaika wa milima akamsalimia akamwambia ukitaka niwakunjie milima hii miwili niwakunjie, akakataa, akasema nataraji Mwenyezi Mungu atoe katika migongo yao watu watakaomuabudu Yeye peke yake. Wanazuoni wamesema Qarn al-Thaalib ndo hiyo hiyo Qarn al-Manazil, mikati yenu. Bi mkubwa ahirimie hapo umra yake ya pili. Atakapokaa kwenye ule msikiti wa Sayl Kabir ajue yuko katika ardhi ile.

Akishindwa kutembea kwenye tawafu na sai, vigari vya kusukuma na vile vya umeme vipo Haram, ghorofa ya juu, msimlazimishe kwa miguu. Jabal Nur kwenye pango la Hira asipande kabisa, ni ngazi na mawe mpaka juu, mlima autazame kutoka chini inatosha, wewe na mkubwa wako wa fom two pandeni baada ya alfajiri kabla jua halijawa kali.

Ruhusa ya kuingia Raudha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, mtachukua kwenye programu ya simu ya Nusuk, wanawake wana nyakati zao na wanaume zao, kwa hivyo bi mkubwa ataingia na mkeo, hakikisheni muda wao ni mmoja na simu yake ina chaji. Ukishapata tarehe za ndege ziandike hapa nikutazamie treni ya mchana kutoka uwanjani, mana za usiku zinakuwa chache na mama asije akakaa kwenye viti vya chuma mpaka asubuhi.

AbuuSalma_Kikwajuni

Nimeelewa kaka, na khalti nimekusikia, Baha tunalala. Tarehe nitaziweka wiki hii wakala akinijibu. Bi mkubwa anauliza Badr kwa wanawake kuingia pale makaburini inaruhusiwa au wanasimama nje?

MpembaWaMadina

Wanasimama nje ya ukuta, jiwe la majina liko nje barabarani wanalisoma vizuri tu. Mchukulieni kiti cha kukunja, pale hakuna pa kukaa.